Mnyama Asikione Kisu

Majengo, Nyeri. Jumatatu, 14 Machi 1966

Niwie radhi, Jumaa. Tangu tulipokuzika sijaandika hata mstari mmoja, mimi niliyeandika kila siku tangu nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu Mombasa, na niliyekukaripia utoto wako wote kwa sababu hukupenda kalamu. Niliishika mara kadhaa nikairudisha. Jana tumesoma hitima ya arobaini. Wageni wamekula, wamenawa, wameondoka. Mimi mkubwa nimebaki na wewe mdogo umetangulia, na sina mwingine wa kumwambia yaliyomo moyoni. Basi nitakuandikia wewe.

Naanza na lililo zito. Siku ya pili hospitalini, Dawud mwanao alipokwenda kutafuta maji ya moto, ulinishika mkono ukaniambia: "Kaka, Kihara alinisukuma tu. Ni mimi niliteleza kwa ile damu, kichwa ikagonga simiti. Waambie. Wasinyonge mtu bure." Usiku huo ukakata roho.

Sijawaambia. Inspekta wa polisi anaamini kwamba Kihara alikupiga kwa kisigino cha shoka la kupasulia nyama, kwa kuwa shoka lilikutwa karibu nawe likiwa na damu, kana kwamba machinjioni kuna shoka lisilo na damu. Na Kihara alikimbia. Yuko katika msitu wa Nyandarua, ambao anaujua tangu siku za vita vya uhuru. Akikamatwa atanyongwa, isipokuwa mimi niseme ulichosema. Ni mimi peke yangu niliyekusikia. Nimeyafungia maneno yako kifuani na sina nia ya kuyafungulia.

Na yote kwa ajili ya nini? Fahali aliyekufa ndani ya lori akitoka stesheni ya Kiganjo. Wenye bucha wa mji huu ni Wakristo, lakini nyama ya mji huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale bila kuuliza. Kihara, mwenye bucha na mwenye fahali huyo, alitaka upitishe kisu kwenye shingo ya mfu, mkaguzi aone mkato apige mhuri. "Si ni kisu tu, Jumaa? Pitisha." Ukakataa. Akakusukuma. Nakuuliza, ndugu yangu, na najua hutajibu: ulikufa kwa ajili ya mzoga?

Jumatano, 16 Machi

Jua kali. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Mlima umekaa wazi mchana kutwa, mweupe, bila haya.

Ijumaa, 18 Machi

Baada ya sala walikuja wenye bucha, Ngatia akiwa msemaji wao. Mchinjaji waliyemleta kutoka Karatina amerudi kwao. Anasema pale mahali pana damu ya mtu. Idd na Pasaka zimekaribia. Wanajua kwamba baba alitufundisha sote wawili kuchinja kabla mimi sijaenda kufuata vitabu.

"Mwalimu, shika hiyo kazi hata mwezi mbili," Ngatia alisema. "Mji itakula nini? Kabeji?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nikatae. Mwanaisha mkeo, ambaye yumo edani na hatoki, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Shemeji, kichukue kisu chake. Nyumba haijasikia jiwe la kunolea tangu afe. Sikujua ya kuwa ni ule mlio uliokuwa ukiniamsha. Sasa nalala hadi jua linanichoma, naamka kama mgonjwa."

Nikakubali. Amedhani ni kwa ajili yake. Ukweli ni kwamba mama yake Kihara, Ngendo, huosha matumbo pale mtoni kila siku. Mtoto akirudi, atarudi kwa mama yake. Nataka siku hiyo nikutwe nina kisu mkononi, na kuwepo kwangu na kisu kusihitaji maelezo.

Jumatatu, 21 Machi

Nimevaa viatu vyako vya mpira. Ni vikubwa, nimejaza magazeti kwenye vidole.

Leo nimetenda ukatili, na nitauandika wote. Nilifika na hasira kama mtu aliyekwenda kupigana. Nikasimama mbele ya zizi nikanoa kisu pale pale, fahali akinitazama. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto darasani kwamba mnyama asikione kisu, asimwone mwenziwe akichinjwa, apewe maji kwanza, alazwe taratibu. Nilinoa nikimtazama machoni, na si yeye niliyekuwa nikimwona.

Walipomlaza alikuwa amekwisha kujua. Alitupa kichwa kisu kikiwa nusu ya njia. Kamba ikakatika, akasimama, koo wazi, damu ikiruka ukutani kama maji ya bomba lililopasuka. Alizunguka uwanja mzima. Alimgonga mkaguzi akamtupa kwenye mfereji. Mutahi, yule mfanyakazi wako mwenye masikio makubwa, alimrukia shingoni akaning'inia pale hadi magoti ya mnyama yalipokunjika, nami nikamaliza. Macho yake yalikaa wazi yakinitazama muda mrefu kuliko ilivyo haki.

Mutahi alikaa chini, uso mwekundu wote. "Mwalimu," akasema, "mimi nimeona ng'ombe ikitembea na shingo. Siku ingine tuambie mapema, tuuze tiketi."

Kisha wote wakacheka, hata mkaguzi ndani ya mfereji. Mimi nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika.

Jumanne, 22 Machi

Kidogo afadhali. Mikono inauma.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua imefika. Ilianza kwenye mabati ya msikiti ikashuka hadi huku kwetu kama mtu anayekokota minyororo. Mwanaisha amesema, "Jumaa angetoka nje akasimama ndani yake kama mjinga." Ni kweli. Nilikuwa nikikuita uingie ndani usije ukaugua.

Jumamosi, 26 Machi

Ngendo alikuja na karai lake. Ni mwanamke mfupi, mgongo umeinama kwa kubeba kuni, na kila asubuhi hunisalimu kana kwamba hakuna lililotokea. "Wĩ mwega, mwalimu?" U mzima, ananiuliza, kwa adabu, kwa Kikuyu cha mama yetu. Leo sikuweza kuvumilia. Nilimfuata hadi mtoni. Alikuwa amekwisha kuosha. Matumbo yalikuwa meupe ndani ya karai kama nguo zilizofuliwa. Nililipiga karai teke. Likaruka, kazi yake yote ya asubuhi ikachukuliwa na mto, na ukingo wa karai ukampasua mkono.

Alitazama matumbo yakienda. Akanawa damu mkononi, akaokota karai, akasema, "Hiyo ilikuwa ya Ngatia, sio ya Kihara," akaondoka.

Nimeandika jambo hili ili liwepo.

Jumatano, 30 Machi

Mvua. Ng'ombe wawili. Mutahi amenionyesha jinsi anavyotengeneza mutura, ule utumbo wanaoujaza nyama na damu. "Nyinyi Waislamu mnamwaga utamu," akaniambia. Nikamwambia kwamba damu ni haramu. "Ndiyo maana iko tamu," akajibu. Ulikuwa ukinisimulia mizaha yake nami nikikwambia kwamba haina maana. Leo nilicheka peke yangu njiani, nikafunika mdomo.

Ijumaa, 1 Aprili. Idd

Tumesali uwanjani juu ya mikeka iliyolowa. Nimechinja mbuzi wa nyumba kumi na moja za Majengo. Zamani tuligawana kazi hii: mimi nikisoma dua kwa matamshi safi, wewe ukifanya lililobaki.

Dawud alishika miguu ya mbuzi wetu. Ana mikono yako. Alipomaliza, alisafisha vidole kwenye majani akasema bila kuniangalia, "Baba mkubwa, leo tumechinja mbuzi. Bado mmoja."

Nilipaswa kumkemea. Nilimwambia, "Nawa mikono, chakula tayari." Naye aliniangalia kama mtu aliyepewa ruhusa.

Jumapili, 3 Aprili

Hakuna kazi. Siku ndefu kupita kiasi.

Jumatano, 6 Aprili

Nimegundua jambo. Kila fahali aliyekaa zizini zaidi ya siku moja huja kwenye ukuta nikipita na kunusa mfuko wa koti lako, hili nililolivaa kwa sababu ya baridi. Niligeuza mfuko. Kulikuwa na chumvi, mawe madogo ya magadi. Ulikuwa ukiwalambisha. Na Mutahi anasema ulikuwa ukiwaambia "Kira, kira", nyamaza, nyamaza, kama mama anavyomwambia mtoto, kwa lugha ya mama. Nami nilidhani ulifika kazini, ukakata shingo, ukarudi.

Leo nimenoa kisu nyumbani, uani, alfajiri, kama ulivyokuwa ukifanya. Mwanaisha aliamka. Nilimsikia akijishughulisha jikoni, kisha harufu ya chai ya tangawizi ikaja hadi nilipo. Nilikaa na kikombe kile nikiwa na furaha kwa muda wa kunywa nusu yake. Kisha nikaona aibu. Ndugu yangu yuko ardhini nami nafurahia tangawizi.

Jumamosi, 9 Aprili

Kesho ni Pasaka yao. Tumechinja tangu alfajiri hadi adhuhuri, na mvua haikuacha hata kidogo. Maji ya mfereji yalikuwa mekundu hadi mtoni.

Nilikuwa nikirudi kupitia sokoni, kisu na jiwe la kunolea nimevifunga kwenye kitambaa. Nilisikia kelele kabla sijaona. Dawud na wenzake watano walikuwa wamemzingira Peterson, mdogo wake Kihara, yule fundi wa baiskeli mpole. Alikuwa na mfuko wa unga na tochi. Walisema anampelekea kaka yake chakula msituni. Labda ni kweli. Mimi ningempelekea.

Sikuwazuia, Jumaa. Nilisimama chini ya paa la duka la Mhindi nikatazama. Walimpiga kwa fimbo, kisha kwa mnyororo wa baiskeli, mali yake mwenyewe. Unga ulimwagika ukawa uji kwenye tope. Kila pigo lilipoingia kitu ndani yangu kilisema, hivyo, hivyo, na kilikuwa kitamu. Watu wa soko walifunga milango. Mwanamke mmoja aliendelea kufunga vitunguu vyake mafungu mafungu.

Kisha Peterson aliacha kujikinga. Alilala chali, mdomo wazi, mvua ikiingia ndani, mguu mmoja ukipigapiga chini peke yake. Mguu wako ulifanya hivyo hivyo nilipofika machinjioni siku ile. Hivyo hivyo kabisa. Na Dawud alikuwa ameinua jiwe kwa mikono miwili.

Nilimpigia kelele hakunisikia. Nikampiga mdomoni kwa kile kifurushi, kwa upande wenye jiwe la kunolea. Nilihisi jino likivunjika. Alianguka akakaa kwenye tope, akanitazama, damu ikimtoka kidevuni, mtoto wako ambaye nilimfundisha alifu kwa kijiti kwenye mchanga.

"Unanipiga mimi," akasema. "Kwa ajili ya hawa."

Wengine walikimbia. Tulimbeba Peterson kwenye mkokoteni wa mboga, mimi na yule mwanamke wa vitunguu. Njia nzima alikuwa akiniuliza kama baiskeli ya mteja iko salama.

Jumanne, 12 Aprili

Peterson amepoteza jicho la kushoto. Nilikwenda hospitalini, wodi ile ile, kitanda cha pili kutoka chako. Polisi walikuwa wamekwisha kumhoji. Muuguzi anasema aliwaambia, "Mvua ilikuwa kubwa. Sikuona mtu." Peterson anamjua Dawud tangu utotoni. Walicheza mpira pamoja.

Nilimkuta Ngendo mlangoni. Nilitaka kusema jambo la adabu. Alinitangulia.

"Mwalimu, mimi nilikuwa na watoto wawili. Mmoja iko porini, mmoja iko hapa. Kama unatafuta wa tatu, sina. Rudi nyumbani."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukuma wiki. Nilirudi nyumbani.

Jumatano, 13 Aprili

Dawud hali nasi. Anakula kwa rafiki zake. Mwanaisha ananiuliza ilikuwaje. Nimemwambia vijana waligombana.

Jumatano, 20 Aprili

Maharagwe ya Mwanaisha yamechomoza nyuma ya choo. Hawezi kwenda kuyaona, basi kila jioni ninampa taarifa, naye ananiuliza maswali kama inspekta.

Jumamosi, 23 Aprili

Ngendo amerudi kazini. Nimempelekea karai jipya. Alilipiga kwa vidole akisikiliza mlio. "Hii ni nyepesi," akasema. "Ile ya zamani ilikuwa na makalio." Lakini amelitumia.

Ijumaa, 29 Aprili

Ng'ombe mmoja. Alilala mwenyewe karibu bila kusukumwa. Nilishika kisu nyuma ya mgongo hadi dakika ya mwisho, nikamwambia "Kira", nikamwelekeza kibla, nikalitaja jina la Mwenyezi Mungu. Hata sikio halikushtuka. Mutahi alivua kofia, naye si wa dini yetu. Baadaye tulikunywa supu ya kichwa chini ya bati, mvua ikipiga, sote tukipulizia vikombe. Mutahi alisimulia jinsi mkwewe alivyomkimbiza kuku hadi akaingia kanisani katikati ya mahubiri. Ilikuwa saa nzuri. Ninaandika hivyo bila kuomba radhi.

Ulikuwa na maisha haya kila siku, na mimi nilikuonea huruma.

Alhamisi, 5 Mei

Lori lilifika kutoka Kiganjo na fahali aliyevunjika mguu na kulala chini ya wenziwe. Tulipomteremsha alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa wa Ngatia.

Ngatia alinivuta kando. "Mwalimu, huyu bado ni moto. Pitisha tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ati wewe. Na mimi nitalipa nini kwa nyumba?"

Nilimwambia hapana. Nilisema kwa ukali, kisha nikasema tena kwa upole, na niliposema mara ya pili nilikuelewa, Jumaa. Hukufa kwa ajili ya mzoga. Kila mlaji wa mji huu, Mwislamu na asiye Mwislamu, ananunua nyama kwa kuamini mkono asiouona. Ukipitisha kisu kwa mfu mara moja, kila "Bismillahi" uliyosema hapo nyuma inakuwa mzaha. Mimi nilifundisha uaminifu kwa ubao na chaki. Wewe uliusimamia ukiwa ndani ya damu hadi kwenye vifundo.

Ngatia alinishika koti. Hakunipiga. Hakunisukuma hata. Alinishika tu kama mtu anavyomshika mwenziwe asiondoke, nami nikajivuta, na kisigino cha kiatu chako kikateleza kwenye simiti. Nilianguka chali. Ungo wa kukusanyia kwato uliokuwa nyuma yangu ndio uliopokea kichwa changu. Kama haungekuwepo, Mwanaisha angekuwa na misiba miwili ndani ya eda moja.

Nililala pale nikitazama mbao za paa. Ngatia alikuwa amesimama juu yangu, mikono wazi, uso umekauka kama majivu. "Sikukusukuma," alikuwa akisema. "Mutahi, umeona? Sikusukuma yeye." Na shoka lilikuwa limeegemea nguzo, karibu kabisa na kichwa changu.

Nilikuwa nimejiambia tangu Februari kwamba homa ndiyo iliyokusemesha. Sasa siwezi tena kujiambia hivyo.

Ijumaa, 6 Mei

Kisogo kinauma. Sijakwenda kwa inspekta.

Jumanne, 10 Mei

Sijakwenda.

Alhamisi, 19 Mei

Asubuhi hii nilitangulia machinjioni. Ukungu ulikuwa mzito hata nisiuone mlango. Ng'ombe watatu zizini, wametulia, isipokuwa walikuwa wamesogea upande mmoja, kama wanavyofanya mtu anapolala kati yao kutafuta joto. Nikamwona akiinuka.

Kihara amekuwa mifupa. Ndevu, matambara, harufu ya moshi na ya mnyama. Mguu mmoja una kidonda kilichooza.

"Mwalimu, ni mimi."

"Nakuona."

"Nimesikia Peterson ametolewa jicho. Kwa ajili yangu." Alikuja hadi kwenye simiti, pale pale karibu na mfereji, akapiga magoti. "Sitaki polisi. Sitaki wale vijana. Wewe ndio uko na haki. Maliza."

Akafumba macho, akainua kidevu. Mshipa wa shingo ulikuwa ukipiga. Nilijua ni wapi. Nimefanya kazi hii msimu mzima. Najua ni wapi kuliko ninavyojua herufi. Hakukuwa na mtu. Hii ndiyo asubuhi niliyochukulia kazi hii, imeletwa kwangu kama chakula mezani.

Nilitaka. Usidanganyike kwamba sikutaka. Nilipiga hatua mbili hadi mbele yake. Ndipo nilipohisi mkono wangu uko wapi. Ulikuwa nyuma ya mgongo. Ulikuwa umekwenda huko wenyewe, kwa mazoea, na kisu. Na kinywa changu, pasipo kuniuliza, kilikuwa kimekwisha kusema, "Kira."

Mazoea hayo ndiyo yanayotangulia kukata, Jumaa, nawe wajua. Sijui ningefanya nini baadaye. Lakini aliposikia neno lile alifumbua macho, akalia kwa sauti mbaya, nzito, kamasi zikimtoka, akaegemeza kichwa kwenye viatu vyangu. Vyako. Nikaona siwezi kumchinja kiumbe ambaye nimekwisha kumtuliza. Kisu nilikitia ndani ya ndoo ya maji.

Alipoweza kusema aliniuliza, "Jumaa. Kabla hajaenda. Alisema kitu?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, nikalimeza.

Ngendo alitokea kwenye ukungu na karai jipya kichwani. Alimwona. Aliliweka karai chini kwa uangalifu, kama lina maji. Hakumkumbatia. Alikwenda kwenye jiko la Mutahi, akakoka moto, akachemsha chai. Alimpa mtoto wake kikombe. Alipomaliza, alikisuuza kikombe kile kile, akakijaza, akanipa mimi. Nilikipokea kwa mikono miwili.

Nilimwambia Kihara kwamba sitammaliza wala sitamficha, akainuka. Tulikwenda kituo cha polisi watatu, mimi mbele, yeye katikati, mama nyuma. Habari zilitutangulia. Majengo yote ilikuwa njiani. Jiwe la kwanza lilimpata Ngendo begani. La pili lilinipata juu ya jicho, sikuona limetoka kwa nani, nikasimama, nikajifuta, nikawaambia kwa sauti ya darasani kwamba atakayerusha jingine aje alirushe akiwa mbele yangu. Dawud alikuwa ukutani. Alikuwa na jiwe. Hakurusha. Tukapita.

Inspekta aliandika maelezo ya Kihara: amesukuma, hakupiga. "Wote husema hivyo," inspekta akasema. Kisha akanigeukia. "Mzee, wewe ndiye ulikuwa na marehemu. Uko na la kuongeza?"

Damu ilikuwa ikiniingia jichoni. Kihara alikuwa akinitazama. Nilimwambia inspekta kwamba nina ng'ombe watatu wanaonisubiri, na kwamba nitarudi.

"Rudi kesho," akasema. "Faili inaenda kwa wakubwa Jumamosi."

Ijumaa, 20 Mei

Alfajiri. Mvua imepungua, sasa ni manyunyu tu, na baridi ya mwezi wa sita imeanza kutuma wajumbe wake.

Jana jioni Dawud alirudi nyumbani. Alikula, akitafuna kwa upande mmoja. Kisha akasema, "Baba mkubwa, watu wanasema unaenda kumtetea. Ukimtetea muuaji wa baba yangu, usiniite mwanao tena. Sitakuzika." Hakupandisha sauti. Alisema kama mwanamume, na nilimpenda sana wakati ule.

Mwanaisha alingoja nyuma ya pazia hadi kijana alipotoka. Ndipo akasema, "Shemeji, nimekaa na Jumaa miaka ishirini na mitatu. Hakuwahi kulala bila kusema neno la mwisho. Kama si kuhusu mtu, kuhusu mvua. Mimi siulizi alisema nini. Naona tu kwamba tangu afe, wewe unakula kwa shida."

Nimenoa kisu uani. Anajishughulisha jikoni, nasikia vikombe. Kuna taa pia kwenye chumba cha Dawud, na sasa hivi ametoka, amesimama mlangoni amevaa koti la zamani la mvua, meno yake yakigongana kwa baridi. Amesema Mutahi ameumia kidole, kwa hivyo atanisaidia kushika kamba leo. Alinyoosha mkono apokee kisu akibebe, akakiweka nyuma yake, chini ya koti, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Sikujua kwamba alikuwa akikuangalia siku zote hizo.

Tutachinja pamoja. Kisha, mbele ya lango la machinjio, njia inagawanyika: upande mmoja Majengo, upande mwingine kituo cha polisi. Nikielekea kituoni, naye atakuwa kando yangu akiona ninakoelekea. Wewe uliniachia maneno, ukaniachia na mtoto, na leo siwezi kuvibeba vyote viwili hadi mwisho wa njia.

Chai iko tayari. Nitainywa yote kwanza, ni nzuri mno kuachwa ipoe. Nikishaamua, Jumaa, nitakuandikia, kabla sijavua viatu vyako.